Maswali ya Wasomaji: Laptopu niliyouziwa kuwa mpya, ni mpya kweli?

SWALI: Wahariri, salaam. Wiki tatu zilizopita nilinunua laptopu Kariakoo, HP EliteBook 840 G6, kwa shilingi 1,150,000. Muuzaji aliapa kwamba ni mpya ya boksi. Boksi lenyewe lilikuwa la kaki, halina maandishi, na mashine ilikuwa ndani ya nailoni, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Lakini betri haifiki saa mbili na nusu, na mwenzangu kazini anasema nimeuziwa mtumba uliopakwa poda. Siriali yake inaanza na 5CG934. Nitajuaje bila kuifungua? *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Ndugu msomaji, umetupa herufi na tarakimu sita tu, nazo zinatosha kuanzia. HP za miaka hiyo zilipewa siriali yenye nafasi kumi. Tatu za mwanzo zinahusu kiwanda, ya nne ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya tano na ya sita ni wiki. 934 maana yake ni wiki ya 34 ya mwaka 2019, yaani kati ya tarehe 19 na 25 Agosti. Tarakimu ya mwaka hujirudia kila baada ya miaka kumi, lakini mwaka 2009 hakukuwa na 840 G6. Toleo hilo lilitoka 2019, na mwaka uliofuata likapokewa na G7. Kwa hiyo umri tumeshaujua. Kilichobaki ni kujua kama ilikaa ghalani miaka yote hiyo bila kuguswa, au kuna mtu aliyekuwa akiifanyia kazi. Hilo mashine itakujibu yenyewe, kwa sababu ndani yake mna vihesabio ambavyo rangi na nailoni havivifikii.

Anza na betri. Bofya kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika:

powercfg /batteryreport

Kompyuta itatengeneza faili liitwalo battery-report.html na kukuonyesha limehifadhiwa wapi. Lifungue, shuka hadi sehemu ya "Installed batteries", utafute mistari mitatu. "Design capacity" ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani. Kwa 840 G6 ni saa-wati 50, na kwa kuwa ripoti huhesabu kwa sehemu ya elfu moja ya saa-wati (mWh), utaona namba iliyo karibu na 50,000. "Full charge capacity" ni uwezo wake leo. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: ukikuta 36,000 kwa 50,000, betri imebaki na asilimia 72. Mstari wa tatu, "Cycle count", ndio wenye uzito zaidi, kwa sababu unahesabu mizunguko ya kuchaji. Laptopu mpya huwa na sifuri au mizunguko michache tu.

Hapa wengi hukosea, kwa hiyo tulieni kidogo. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa imelala tu ndani ya boksi. Uwezo uliopungua pamoja na mizunguko mitatu ni dalili ya mzigo uliokaa sana ghalani. Uwezo uliopungua pamoja na mizunguko 400 ni kompyuta iliyofanya kazi ofisini kwa mtu. Tena usihangaike na jedwali la historia lililo chini ya ripoti hiyo: huanza siku Windows ilipowekwa upya, halijui ya nyuma. Na ukikuta mizunguko sifuri, nafasi ya siriali ya betri tupu, na uwezo wa leo sawasawa kabisa na wa kiwandani hadi tarakimu ya mwisho, shuku kwamba imewekwa betri mbadala. Kwako wewe hilo si tatizo, maana betri mpya isingekufia baada ya saa mbili na nusu.

Sasa diski. Pakua CrystalDiskInfo, ni programu ya bure, uifungue. Tafuta "Power On Hours", "Power On Count" na "Total Host Writes", yaani saa ilizowashwa, mara ilizowashwa, na jumla ya data iliyoandikwa. Majaribio ya kiwandani na kuweka Windows huacha saa chache na gigabaiti makumi kadhaa. Wewe umeitumia wiki tatu. Tuseme saa sita kwa siku, hiyo ni saa 126. Toa hizo zako. Ukibaki na saa 20 ni sawa. Ukibaki na saa 6,000 na terabaiti 14 zilizoandikwa, kuna mtu ameifanyia kazi miaka. Jihadhari na jambo moja: baadhi ya diski za NVMe, yaani zile za kisasa zenye kasi, hazihesabu muda zikiwa zimelala, kwa hiyo saa zinaweza kuonekana chache kuliko ukweli. Ndiyo maana tunataka uangalie na kiasi cha data kilichoandikwa.

Je, ukikuta diski haina saa kabisa? Soma jina lake hapo hapo juu kwenye dirisha la programu. Viwanda vikubwa huweka diski za Samsung, SK hynix, Micron, Kioxia au Western Digital. Za Samsung za kiwandani, kwa mfano, majina yake huanza na MZ. Ukikuta diski ya bei ya chini ya chapa ambayo hujawahi kuisikia, ndani ya laptopu ya ofisi ya 2019, basi diski ni mpya na mwili ni wa zamani. Vihesabio navyo vinaweza kufutwa na mtu mwenye zana. Januari 2025 chombo cha habari cha Ujerumani, Heise, kilifichua diski kuu za Seagate zilizouzwa kuwa mpya huku kumbukumbu za kawaida zikiwa zimesafishwa. Kumbukumbu nyingine ya ndani ilionyesha makumi ya maelfu ya saa. Usitegemee kihesabio kimoja.

Mwisho ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayofunguka kabla ya Windows, maana hapo wakarabati wengi hawapagusi. Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F10 mara kwa mara, fungua taarifa za mfumo. Kwenye HP za ofisi utakuta mstari "Born On Date", yaani tarehe ya kuzaliwa. Tazama pia "Asset Tag" na "Ownership Tag". Hizo ni nafasi ambazo makampuni hujaza namba zao za mali, na mara nyingi mtu anaiuza mashine bila kuzifuta. Kisha nenda ukurasa wa HP wa kuangalia waranti, weka siriali yote. Waranti iliyoanza 2019 na kwisha 2022 haiachi nafasi ya mabishano.

Kwa wenye chapa nyingine: Dell huingia BIOS kwa F2, na ukurasa wa kwanza wenyewe unaonyesha tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kumilikiwa pamoja na "Service Tag" ya nafasi saba. ThinkPad ni F1. Ukiweka programu ya Lenovo Vantage, sehemu ya betri itakuambia tarehe betri ilipotengenezwa na tarehe ilipotumika mara ya kwanza. Na siriali ikiwa tupu, au imeandikwa "INVALID", bodi kuu imebadilishwa na aliyeibadilisha hakumaliza kazi.

SWALI: Nataka kununua laptopu mwisho wa mwezi hapa Mombasa. Muuzaji ataniruhusu kuiangalia dakika kumi tu kabla ya kulipa. Niangalie nini kwa macho? *Msomaji, Likoni*

JIBU: Dakika kumi zinatosha kama hutazimalizia kwenye mfuniko. Mfuniko ndio sehemu inayorembwa kwanza, ama kwa rangi ya kupuliza ama kwa plastiki inayobandikwa juu yake kama stika. Pitisha ukucha ukingoni, hasa kwenye pembe na kuzunguka nembo. Plastiki iliyobandikwa ina ukingo unaokamata ukucha, na nembo huonekana imezama kidogo. Rangi iliyopulizwa huingia mahali isipopaswa kuingia: mdomo wa tundu la USB, ndani ya matundu ya spika, juu ya vipira vidogo vinavyozunguka skrini.

Kisha pindua. Vichwa vya skrubu ndivyo mashahidi wanaosahaulika. Skrubu ya kiwandani ina rangi moja nzima. Ikishafunguliwa na bisibisi hubaki na alama ya kung'aa ndani ya msalaba wake, na mara nyingine moja imekosekana au ni ndefu kuliko wenzake. Gusa na miguu ya mpira. Iliyobanduliwa ili kufikia skrubu za chini huwa imepinda ukingoni au inateleza kwenye gundi. Sogeza macho hadi tundu la chaja, umulike kwa tochi ya simu. Mikwaruzo ya shaba mdomoni haiji kwa kuchomeka mara mbili au tatu.

Kibodi isome kama maandishi. Kama alama ya pauni ya Uingereza iko juu ya 3 na kitufe cha Enter ni kirefu kama buti, hiyo ni kibodi ya Uingereza. Haithibitishi lolote peke yake, kwa kuwa kibodi hiyo huuzwa mpya pia, ila huko Kenya mzigo mwingi unaoitwa ex-UK unakuja nayo. Shaka halisi ni herufi zilizobandikwa kwa stika, au zilizochapwa upya juu ya kibodi ya Kijerumani au ya nchi za Skandinavia. Inamisha kibodi kwenye mwanga uone A, E, na ubao wa nafasi. Vikimeta kuliko Q na Z, vidole vimepita hapo sana.

Washa skrini, weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Kwenye nyeupe tafuta madoa meupe ya mgandamizo na kivuli cha mistari ya kibodi, ambayo hutokea laptopu ikibebwa mikobani miaka mingi. Kwenye nyeusi tafuta nuru inayovuja pembeni.

Na tazama inavyowaka mara ya kwanza. Laptopu mpya huanza kwa kukuuliza nchi, lugha na mpangilio wa kibodi. Ikifungua moja kwa moja kwenye akaunti iitwayo "User" au "Admin", kuna aliyeitangulia. Wapo wauzaji waaminifu wanaofungua mashine mpya ili kuweka programu, kwa hiyo hapo muulize kwanza. Halafu linganisha siriali tatu: ya kwenye boksi, ya chini ya laptopu, na inayosomwa na mashine yenyewe. Hiyo ya tatu utaipata kwa kufungua PowerShell, programu ya amri iliyomo ndani ya Windows, na kuandika:

Get-CimInstance Win32_BIOS | Format-List SerialNumber

Zikipishana hata kwa herufi moja, rudisha pesa mfukoni. Boksi la kaki lisilo na stika ya siriali ni sawa na kutokuwa na boksi.

SWALI: Nimenunua "laptop mpya, Core i5, Windows 11" ya masomo chuoni. Kwenye mipangilio prosesa inaandikwa i5-6300U. Rafiki yangu anacheka, sijui anachocheka. *Mwanafunzi, Nairobi*

JIBU: Asikucheke, wanaouza huegemea hapo hapo kwenye neno "Core i5" kwa kuwa halisemi mwaka. Tazama tarakimu zinazofuata kistari. Kwa prosesa za Intel za muundo huo, tarakimu ya kwanza kati ya nne ni kizazi: 6300U ni kizazi cha 6, kilichotoka 2015, 8350U ni cha 8, cha 2017. Ikiwa zinaanza na 10, 11, 12 au 13, hizo mbili ndizo kizazi, kwa mfano 1135G7 ni cha 11, cha mwaka 2020.

Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama ndani ya kompyuta. Yako imewekwa kwa kuruka ukaguzi huo. Itafanya kazi, lakini matoleo makubwa ya kila mwaka hayatakujia yenyewe kwa njia ya kawaida, na Windows 10 nayo ilimaliza muda wake wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Fanya jaribio moja zaidi: andika slmgr /dli kwenye cmd. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows yake husema "OEM_DM". Ikisema "VOLUME_KMSCLIENT", leseni ni ya mtindo wa makampuni, na kwa mashine ya dukani mara nyingi maana yake ni kwamba imeamshwa kwa ujanja. Hakikisha kwa slmgr /xpr. Ikitaja tarehe ya kuisha badala ya kusema imeamshwa kwa kudumu, utajua. Leseni ya aina hiyo hudumu siku 180 kisha huhitaji kuhuishwa.

SWALI: Niliiweka upya laptopu yangu "mpya", ilipounganishwa na intaneti ikaleta jina la kampuni ya Ulaya na kudai nenosiri la mfanyakazi. Fundi anasema niiweke Windows bila intaneti, yaishe. *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Haitaisha. Kampuni hiyo iliandikisha alama ya vifaa vya mashine kwenye huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot. Alama hiyo iko upande wa Microsoft, haipo kwenye diski, kwa hiyo hata ukibadilisha diski itarudi siku utakapoiweka upya ikiwa na intaneti. Mwenye uwezo wa kuiondoa ni kampuni iliyoiandikisha.

Si lazima iwe imeibwa. Makampuni mengi hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, huziuza kwa jumla, na mtu wa idara ya teknolojia husahau kuzifuta kwenye orodha. Lakini inaweza kuwa imeibwa pia, na wewe huna namna ya kutofautisha. Piga picha ya skrini hiyo ikionyesha jina, pamoja na siriali, uirudishe kwa muuzaji aibadilishe. Usikubali kurekebishiwa. Ukiwa huko, ingia BIOS ya hiyo utakayopewa uangalie neno Absolute au Computrace, yaani mfumo ambao makampuni hutumia kufuatilia kompyuta zao. Ikiwa umewashwa kwa kudumu na hauzimiki, hiyo nayo iache.

SWALI: Je, MacBook? *Msomaji, Arusha*

JIBU: Bonyeza Option huku ukifungua menyu ya tufaha, chagua "System Information", kisha "Power". Utaona mizunguko ya betri. Kwa MacBook za kisasa ukomo ni 1,000. MacBook zilizokarabatiwa na Apple wenyewe hubeba namba ya bidhaa inayoanza na F, na hizo huwa na boksi na waranti. Ikileta ukurasa wa "Remote Management" unapoiweka upya, soma jibu tulilompa msomaji wa Dodoma.

SWALI: Nimethibitisha nimedanganywa. Muuzaji anasema "mali ikishatoka dukani hairudi". Nina haki gani? *Msomaji, Thika*

JIBU: Unayo, na maneno hayo ya muuzaji hayaifuti. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inataja waziwazi, miongoni mwa kauli za udanganyifu, kusema bidhaa ni mpya au haijatumika wakati imekarabatiwa. Kwa wasomaji wa Tanzania, mahali pa kuanzia ni Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003.

Kuuza laptopu iliyokarabatiwa ni biashara halali na yenye faida kwa watu wengi. EliteBook ya 2019 iliyotunzwa bado inafanya kazi nzuri ya ofisi. Wizi uko kwenye neno "mpya" na bei iliyobandikwa juu yake. Kwa hiyo ushahidi wako ulenge neno hilo. Kusanya risiti, ujumbe wa WhatsApp ambamo ameandika "mpya", picha ya tangazo, ripoti ya betri, picha ya CrystalDiskInfo ikionyesha saa na siriali ya diski, na ukurasa wa waranti wenye tarehe. Vyote vichukuliwe siku moja, kabla fundi yeyote hajaifungua, maana akishafungua utaambiwa wewe ndiye uliyebadilisha vipuri.

Mwandikie muuzaji kwanza, kwa maandishi, ukitaja unachotaka: pesa zote, au tofauti ya bei. Wengi hulegea wakiona tarehe ya waranti. Asipolegea, Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Na kwa anayekwenda kununua kesho: mwambie muuzaji aandike kwenye risiti, ya EFD kwa Tanzania au ya eTIMS kwa Kenya, jina kamili la modeli, siriali, na neno "mpya". Akikubali "laptop moja" na kukataa hayo matatu, nenda duka la pili.